Kutoka Kangemi Hadi Kongamano la Mombasa

Barua za makongamano hufika shuleni kupitia ofisi ya mwalimu mkuu. Huomba shule iteue mwakilishi mmoja, na kwa desturi mwakilishi huyo huwa mwalimu mkuu mwenyewe, au naibu wake, au yule mwalimu wa madarasa ya juu anayejulikana kama mtu wa kompyuta. Lakini barua ya kongamano la walimu na teknolojia, lililopangwa kufanyika Mombasa likizo ya Agosti, iliwakuta wote watatu na shughuli nyingine. Ikateremka hadi mlango wa Gredi ya 1, ikanifikia.

"Madam, wewe ndiwe unayeshinda na vile vishikwambi," mwalimu mkuu aliniambia. "Nenda utuwakilishe."

Ni kweli. Funguo za kabati la vishikwambi hukaa nami. Mpango wa serikali wa kuwapa watoto vifaa vya kidijitali uliahidiwa katika kampeni za uchaguzi wa 2013, ukaanza mwaka 2016 kwa majaribio katika shule 150, kisha ukaenea nchi nzima. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia vilishirikiana na kampuni za nje kuviunda, na zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma. Shule ilipata vishikwambi vya watoto, vipakatalishi vya walimu, projekta na mtambo mdogo wa kuhifadhi masomo. Walengwa wa kwanza walikuwa watoto wa darasa la kwanza.

Basi tazama ni nani anayefundisha darasa la kwanza. Katika shule za msingi za umma nchini, walimu wanawake sasa ni wengi kuliko wanaume, na kadiri darasa linavyokuwa la chini ndivyo wanaume wanavyopungua. Shuleni kwetu sijaona mwanamume akipangiwa Gredi ya 1. Kwa hiyo mpango mkubwa kuliko yote ya teknolojia katika elimu yetu ya msingi uliwekwa mikononi mwa akina mama. Wao ndio waliojifunza kuchaji vifaa vya darasa zima kwa soketi mbili za ukutani, kuwapanga watoto wanne wanne kwa kila kishikwambi ili asiwepo wa kutazama tu, kufuta jasho na uji kwenye kioo, na kulirudisha darasa kwenye somo pale nusu ya vifaa vinapozima katikati ya kipindi. Hata hivyo, mtu aliyetarajiwa kwenda Mombasa kueleza teknolojia ya shule yetu hakuwa mmoja wao.

Niliipokea barua kwa furaha, kisha nikaanza kupiga hesabu. Nauli ya daraja la pili ya treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na ningeilipa kwanza ndipo nirudishiwe baadaye. Nina mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Mama mkwe wangu alikubali kuja kutoka Vihiga kumshika, kwa hiyo nauli yake nayo ikaingia kwenye hesabu. Nilimlipa jirani awe akimchukua mwanangu mkubwa kutoka madarasa ya likizo. Nilipika, nikagandisha, nikaandika kwenye karatasi saa za dawa ya kifua. Mwalimu mwanamume wa shule ya jirani, aliyepata barua kama yangu, aliniambia aliisoma jioni, akaomba nauli, akafunga begi. Hakuwa akijigamba, alikuwa akinieleza tu ilivyokuwa. Hapo nikaona kwamba safari hii ina vituo ambavyo havimo kwenye ratiba ya treni, na mwalimu mwanamke husimama katika kila kimoja.

Niliondoka alfajiri. Kangemi ya Agosti ina baridi inayouma masikio. Mama wa mandazi alikuwa amekwisha kuwasha jiko lake la makaa karibu na sokoni, na wanawake walikuwa wakishusha magunia ya sukuma wiki, managu na mrenda kutoka kwenye pikapu. Mtaa wetu umeegemea mteremko kusini mwa barabara ya Waiyaki, vyumba vya kupanga vikiwa vimebanana hadi bondeni, na ng'ambo ya barabara ni Loresho, yenye nyua na miti. Hapa ndipo Papa Francis alipokuja tarehe 27 Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alizungumzia dhuluma ya kuitenga mitaa kama yetu, akawataja hata wanaotaka kunyakua viwanja vya michezo vya shule. Sisi walimu tuliyasikia maneno hayo kwa namna yetu. Mtoto wa Kangemi na mtoto wa ng'ambo ya barabara wanafuata mtaala mmoja, na tangu 2019 mtaala huo wa umilisi umeuhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa mambo saba ya msingi ambayo kila mtoto anapaswa kuyamudu. Wa ng'ambo ana kompyuta nyumbani. Wa kwetu ana kishikwambi cha shule na mwalimu wake.

"Tao! Tao!" makanga aliita, nikapanda. Matatu ilipita ABC Place, ikafika Westlands chini ya nguzo za barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, kisha ikateremka kuelekea Chiromo. Nimepita Chiromo mara nyingi nikienda mjini, lakini asubuhi hiyo nilikuwa na sababu ya kuitazama. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kampasi yake moja iko hapo, ndipo Wangari Maathai alipopata shahada ya uzamifu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo, na ndipo alipofundisha anatomia ya mifugo. Dunia inamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya 2004. Mimi asubuhi hiyo nilimkumbuka kama mwalimu. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya waliudai uongozi wa chuo uwape wahadhiri wanawake marupurupu sawa na ya wanaume, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa alinyimwa ya nyumba kwa hoja kwamba mumewe ndiye anayepaswa kumpa makao. Hakuna aliyesema mwanamke hajui kufundisha. Ukosefu wa usawa ulikuwa umekaa katika masharti ya kazi, mahali ambapo mtu anaweza kuusoma na kuuita utaratibu wa kawaida.

Nilishuka Odeon, nikavuka hadi Moi Avenue nikielekea stesheni, begi begani. Mji wa Nairobi hauna upungufu wa wanawake wa teknolojia. Ushahidi, programu iliyozaliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi ili wananchi waripoti yanayotokea walipo, ilianzishwa mwaka 2008, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Ory Okolloh na Juliana Rotich. AkiraChix, inayowafundisha wasichana uundaji wa programu, ilianzishwa mwaka 2010 na wanawake vijana wa mji huu. Dorcas Muthoni, aliyeanzisha kampuni yake ya programu akiwa kijana na kuwakusanya wanawake wa kompyuta barani, aliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya heshima ya dunia ya watu walioijenga intaneti. Wote hawa ni walimu pia, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu wamefundisha wengine. Anayeandaa jukwaa Kenya na kusema amemkosa mwanamke wa kuzungumza hana budi kueleza alimtafuta wapi.

Kutoka stesheni ya zamani treni ndogo hutupeleka hadi Syokimau, kilipo kituo cha SGR. Huko mizigo ilipangwa mstari chini, mbwa wakapita wakiinusa, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika treni hiyo, na kabla haijang'oka nilimkumbuka mwanamke mwingine. Tarehe 31 Mei 2017, treni hii ya Madaraka ilipofanya safari yake ya uzinduzi ikiwa na Rais Uhuru Kenyatta, miongoni mwa walioiendesha alikuwa Concilia Owire, aliyefunzwa China pamoja na wenzake wanawake. Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni. Watoto wangu wa Gredi ya 1 wakichora treni, wasichana humchora dereva mwenye nywele ndefu bila kuambiwa. Kumwona mtu mahali hufungua mlango ambao mahubiri hayafungui, na ndiyo maana suala la nani anasimama jukwaani si la heshima tu.

Viti vya daraja la pili hutazamana. Mbele yangu waliketi walimu wawili wanaokwenda kongamano lilelile. Mmoja alikuwa ametoka Bungoma kwa basi la usiku. Wa pili, kutoka upande wa Thika, alikuwa na mtoto mchanga na mdogo wake wa kike wa kumshika.

"Na huyu dada analipiwa na nani?" niliuliza.

"Na mimi, Mwalimu," alijibu. "Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja."

Alisema hivyo akimrekebishia mtoto kofia, bila kulalamika. Kwa mshahara wa mwalimu wa msingi, alikuwa amelipia watu wawili ili mmoja ahudhurie. Mwenzake wa Bungoma alituambia kuwa yeye ndiye aliyeandika mada ambayo shule yao ingewasilisha, kuhusu jinsi walivyofundisha shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Alikuwa akirekodi masomo kwa sauti yake kwenye simu, akiyatuma kwa wazazi wenye WhatsApp, kisha wazazi hao wakiwaita watoto wa jirani wasikilize pamoja. Kwenye ratiba iliyochapishwa, jina lililowekwa kando ya mada hiyo lilikuwa la mkuu wake. "Alisema jina la mkuu lina uzito," alieleza. Mwalimu huyo mwenyewe ndiye angeisoma, kwa niaba ya mkuu.

Treni ilipita Emali, ikaingia nyika. Tsavo ilikuwa kavu, na ndovu waliosimama kando ya tuta walikuwa wekundu kwa udongo wa huko. Mtoto mmoja aliwaonyesha kwa kidole, abiria wote wa behewa letu wakageuka upande wetu. Mtito Andei, Voi, Mariakani, na kila kituo hewa ikizidi kuwa nzito na ya joto. Zile kilomita 472 zilitutosha sisi watatu kueleza vituo vyetu vyote vya kabla ya stesheni, na vilifanana mno hivi kwamba haikuwezekana kuviita bahati mbaya za mtu mmoja mmoja. Barua hupitia kwa mkuu, na wakuu wengi wa shule ni wanaume. Fomu humtambua mtu mmoja asiye na mtoto. Fedha hutolewa kwanza na msafiri, na kazi ya nyumbani humsubiri mwanamke peke yake. Hata mada ikiandikwa na mwalimu, cheo ndicho kinachobandikwa juu yake. Hakuna mtu mbaya katika mlolongo huo. Ila mwisho wake ukiutazama ukumbini, utadhani wanawake hawaipendi teknolojia.

Kutoka kituo cha Miritini tulipanda matatu hadi mjini, na nyingine ikatuvusha daraja la Nyali. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Niliitazama dirishani upande wa kulia, pana na yenye mwanga, nikampigia mama mkwe simu nimweleze, naye akataka kwanza kujua dawa ya kifua inakaa rafu gani.

Asubuhi ya kongamano, meza za usajili zilikuwa za wasichana waliovaa fulana za rangi moja, wakitugawia vitambulisho vya shingoni. Aliyenihudumia aliniuliza kwa adabu, "Mama, unamwakilisha mwalimu mkuu?" Nikamwambia naiwakilisha shule. Ndani, ukumbi ulikuwa umejaa, na kwa kutupa macho tu nilikadiria nusu yetu au zaidi ni wanawake. Kisha jukwaa likajaa. Hotuba kuu ilitolewa na mwanamume, na jopo la kwanza lilikuwa la wanaume watupu: afisa, mhadhiri, mkurugenzi wa kampuni ya programu, na mwalimu mkuu wa sekondari. Mwanamke aliyepanda alikuwa mshereheshaji, na mwingine akatoa shukrani.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27(8), inataka chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa jinsia moja. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Jopo la kongamano halimo katika vyombo hivyo. Hata hivyo, taifa lilikwisha kukubaliana juu ya kipimo, na kila mtu ukumbini alikijua.

Haki inataka niseme pia kwamba nilijifunza kwa wanaume hao. Walizungumza juu ya ununuzi wa vifaa, usalama wa data za watoto, akili mnemba, na mafunzo ya usimbaji, ambayo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliyaidhinisha mwaka 2022 kwa shule za msingi na sekondari. Upo pia msingi wa kihistoria wa wao kuwa pale. Somo la kompyuta nchini lilianzia sekondari, sekondari ndiko walimu wanaume waliko wengi, na walimu wa sayansi huko ni wanaume zaidi. Makongamano ya mwanzo yalijengwa juu ya watu hao, nao wakawaalika waliowajua. Lakini tangu 2016 vifaa vingi zaidi vya serikali viko shule ya msingi. Teknolojia imehamia kwa walimu wengine, na jukwaa limebaki na waalikwa wa zamani.

Nilichokosa katika mazungumzo ya jukwaani ni darasa lenyewe. Hakuna aliyetaja mtoto wa miaka sita ambaye hajui kusoma lakini anatakiwa kuandika neno la siri. Hakuna aliyetaja kwamba waya wa kuchaji hukatika pale unapoingia, na kwamba anayeufunga kwa utepe ni mwalimu. Hakuna aliyetaja shule ambazo vifaa vilifungiwa stoo kwa hofu ya wizi hadi betri zikafa. Mambo hayo yalizungumzwa alasiri, katika vyumba vidogo vya pembeni, na walimu wanawake waliokuwa na dakika kumi kumi, wakati maafisa wenye bajeti walikuwa kwenye kikao kingine. Mwalimu wa Bungoma alisoma mada yake huko. Alipomaliza, mwalimu wa Kwale alisimama, akasema kijijini kwao walifanya hivyohivyo kwa redio na spika ya msikiti, na watu wakaanza kuandika. Katika kikao kile ndipo nilipojifunza zaidi, na waliokihudhuria ni watu wanaojua hayo tayari.

Jioni kulikuwa na kitu kingine cha kuona. Baada ya chakula, wanaume wengi walibaki kando ya bwawa la hoteli, wakibadilishana namba, wakipanga jopo la mwaka utakaofuata, wakialikana kwenye warsha. Wanawake wengi walipanda vyumbani. Nami nilipanda. Nilisikiliza hesabu za mkubwa wangu kwa simu, nikambembeleza mdogo hadi akalala, na katika ujia wa ghorofa yetu nilisikia sauti za wenzangu nyuma ya milango wakifanya vilevile. Hakuna ratiba iliyosema mipango ifanyike saa hizo. Ilifanyika tu, kwa kuwa ndizo saa ambazo wanaopanga walikuwa huru.

Siku iliyofuata kikao kikubwa kiliongozwa na mhadhiri mwanamke. Wakati wa maswali ulipofika, mikono ya mbele iliinuka, ya wanaume. Yeye akasubiri, kisha akatueleza utafiti ambao Alecia Carter na wenzake watatu waliuchapisha mwaka 2018. Walihesabu maswali katika semina 247 za vyuo vikuu, katika nchi 10. Ikizingatiwa idadi ya waliohudhuria, uwezekano wa mwanamume kuuliza swali ulizidi ule wa mwanamke kwa mara mbili na nusu. Na swali la kwanza lilipoulizwa na mwanamume, wanawake walipungua zaidi katika maswali yaliyofuata. "Kwa hiyo leo," mhadhiri alisema, "swali la kwanza nampa mwalimu mwanamke, na nitangoja."

Kimya kilikuwa kirefu. Nikainua mkono, nikaletewa kipaza sauti. Niliwauliza waliokuwa jukwaani ni kwa nini mafunzo ya vishikwambi vya Gredi ya 1 humwita mwalimu mkuu na mwakilishi mmoja, badala ya kumwita mwalimu wa Gredi ya 1, na kama kati yao yupo aliyewahi kuviona vikitumika na watoto wote wakiwa ndani ya darasa. Afisa mmoja alijibu kwa ukweli kwamba hajawahi, akaomba aalikwe. Baada yangu aliuliza mwalimu wa Taita, kisha wa Garissa, kisha yule wa Thika mwenye mtoto mgongoni. Maswali hayakuwa ya kuomba huruma. Yaliwahusu waliokuwa jukwaani, na walilazimika kuandika.

Wakati wa chai mwalimu mmoja mwanamume, mtu mstaarabu, alinifuata. "Madam, swali lako lilikuwa zuri. Lakini ukweli ni kwamba wanawake hawajitokezi. Kamati huita, hawaleti mada."

Nilimwuliza kamati ina akina nani. Alifikiri, akanitajia watu, wote wanaume, na akanyamaza kwa namna ya mtu aliyejisikia. Mhadhiri wetu, aliyekuwa karibu, akamweleza utafiti mwingine, wa mwaka 2014. Arturo Casadevall na Jo Handelsman walichunguza mikutano mikubwa ya wanasayansi wa vijidudu iliyofanyika Marekani kati ya 2011 na 2013. Vikao vilivyoandaliwa na timu yenye walau mwanamke mmoja vilikuwa na uwiano wa wazungumzaji wanawake uliozidi kwa asilimia 72 ule wa vikao vilivyoandaliwa na wanaume pekee. Fani ilikuwa ileile, mikutano ileile, na wanasayansi wa kualikwa walewale. Kilichobadilika ni nani aliyekaa mezani wakati majina yanaandikwa. Yule mwalimu aliuandika mwaka na majina ya watafiti kwenye daftari lake, akasema atalisoma hilo mbele ya kamati. Naamini alilisoma.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Kwenye treni tulikuwa kundi kubwa zaidi, tumejaza meza mbili, na kufikia Voi tulikuwa tumefungua kundi la WhatsApp la walimu wa madarasa ya chini kutoka kaunti kadhaa. Sheria yake ni moja: kila mtu aandike jambo analolifanya darasani kwa kifaa chochote, na wengine wamsaidie kuligeuza kuwa mada. Usiku huo nilishuka Kangemi, nikawakuta wanangu wamelala na mama mkwe macho, akitaka kuelezwa bahari.

Shule zilipofunguliwa nilitoa taarifa katika mkutano wa walimu. Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza tufanye nini. Tulikubaliana kwamba barua ya teknolojia ikija, jina la kwanza kuzingatiwa ni la mwalimu anayekitumia kifaa, na majina yazunguke. Tulikubaliana shule itangulize nauli. Hayo hayakuhitaji sera ya taifa, yalihitaji kuulizwa tu.

Yanayobaki ni ya waandaaji, nami nawaambia kwa heshima na kwa uzito wote. Katika kamati ya kuchagua mada wekeni wanawake, na miongoni mwao awepo mwalimu wa shule ya msingi. Kwenye fomu ongezeni nafasi ya mtoto anayenyonya na mlezi wake, na mlipe. Mazungumzo ya kupanga mambo yafanyeni mchana. Wawasilishaji wa vyumba vidogo wapeni saa moja ya jukwaa kubwa, wenye bajeti wakiwa wameketi mbele yao. Jina la aliyeandika mada libaki juu ya mada. Na maswali yakianza, mwongozaji angoje.

Mwito wa kongamano lijalo umeshatoka. Mwalimu wa Bungoma ametuma mada ya masomo ya sauti, safari hii chini ya jina lake. Yule wa Thika ametuma ya watoto wenye uoni hafifu na ukuzaji wa maandishi kwenye kioo. Mimi nimetuma ya kishikwambi kimoja kwa watoto wanne: jinsi ya kugawana zamu, nani hushika, nani husoma, nani huuliza, na jinsi ya kuhakikisha wasichana hawaishii kuwa watazamaji. Jambo hilo la mwisho nililianza darasani kabla ya Mombasa, na watoto wa miaka sita waliliweza kwa muhula mmoja. Watu wazima wenye kamati, bajeti na Katiba wanaliweza pia.